Gongo Yako Inasaga Unga

Mwenzangu Mama Tabu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipolala, na namwomba Mungu uwe umelala vizuri. Huku sisi wazima, ila mimi na magoti yangu, unayajua. Baba Amina anakusalimu, kikohozi kimempungua. Bibi Mwanahawa, mama mkwe wangu, anakusalimu, na bado anauliza kila asubuhi mbona hupiti kuomba moto. Nikimwambia umekufa analia upya, kwa hiyo siku hizi namwambia umekwenda Korogwe. Nisamehe kwa uongo huo. Amina wangu anakusalimu sana, ana habari yake, nitakueleza. Na Tabu wako anakusalimu toka kwa mumewe. Kajifungua mtoto wa kike, mnene, kelele tupu, wamempa jina lako. Kuku wako mweusi ninaye mimi. Anataga kwangu, na mayai nampelekea Tabu nikipata mtu wa kwenda.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa ukiniona naenda kisomo na daftari kwapani unasema, "Mama Amina, unatafuta ukarani uzeeni?" Basi karani wako ndiye huyu. Nikimaliza nitakuja kukusomea hapo hapo kwako, maana sijui huko kuna nani wa kukusomea.

Habari kubwa ni hii: mashine ya kijiji inasaga, na kinachoiendesha ni gongo yako. Usicheke kwanza, ngoja nikueleze toka mwanzo.

Ulipoondoka tu, dizeli ikakatika. Ilikuwa ikija kwa mgao, pipa moja, halafu nusu pipa, halafu ikawa karatasi tu ya kusema itakuja. Mashine ikakaa kimya mpaka buibui wakajenga ndani. Tukarudi kwenye kinu, na mwenye mgonjwa au mtoto mdogo akawa anachemsha mahindi tu. Mimi kwa magoti haya nilikuwa natwanga nimekaa, kama nabembeleza mtoto.

Fundi Mhina, yule aliyekuwa kiwanda cha mkonge Ngombezi kabla ya kuhamia kwetu, akasema mashine ile inaweza kwenda kwa mafuta ya nyonyo. Na nyonyo si unajua, zimeota zenyewe nyuma ya kila choo, watoto wanachezea mbegu. Tukaokota. Tukakaanga, tukatwanga, tukachemsha, tukaengua mafuta kama mama zetu walivyoengua ya kujipaka. Mwenye maandazi wa gulioni akaleta mafuta yaliyoungua kikaangoni, mchinjaji akaleta shahamu isiyo na mnunuzi. Fundi akayeyusha yote, akachuja, akatia kwenye mashine. Ikakohoa mara mbili kama Baba Amina, ikazima.

Akasema mafuta mazito mno. Akasema kule kiwandani mzungu mmoja wa mitambo alimwonyesha kwamba ukiyachanganya na pombe kali na chumvi ya majivu, ukayapasha moto kidogo ukayaacha yatulie, uzito unakaa chini na juu yanaelea mafuta mepesi ya kuwaka. Haya, pombe kali itoke wapi? Mwenyekiti akaenda ofisini akarudi na debe zima la gongo iliyokamatwa na mgambo. Watu wakaulizana mbona tuliambiwa ilimwagwa. Mwenyekiti akakohoa na yeye.

Fundi akachanganya. Mama Tabu, ikaganda ikawa sabuni! Wanawake tulipiga vigelegele, tukagawana na kisu, mimi nilifulia kanga mbili na mashuka ya Bibi. Fundi alikaa chini kashika kichwa. Akasema, "Ina maji hii pombe. Ikiwa na maji hata kidogo inakuwa sabuni. Nani hapa anajua kupika ile isiyo na maji kabisa?"

Mimi nikatazama miguu yangu.

Kwa sababu nilijua. Ile dawa yako ya kuchua miguu, si ulikuwa ukiipika mara tatu? Ya tatu unatia chokaa iliyotoka motoni, unaiacha, unaipitisha tena kwenye mrija, kisha unawasha kidogo kwenye kijiko. Ikiungua ikaacha kijiko kikavu, imeiva. Kikibaki na jasho, rudisha chunguni. Mimi ndiye niliyekuwa nakuchochelea moto, ukisema, "Wewe hunywi, hutaniibia." Kweli sikuwahi kuonja hata tone. Lakini magoti yangu yamekunywa sana.

Nilinyamaza kwa ajili ya Amina. Habari yake ndiyo hii: kachumbiwa Mashewa. Mchumba kijana mpole, na babake ni mwalimu wa madrasa, Mwalimu Omari, mtu wa dini hasa, akikohoa watoto wanakaa sawa. Nikajiambia, wakisikia mama wa bibi arusi anapika gongo, posa itarudi na mwanangu atakaa nyumbani anasemwa. Siku nne nikawa napita mbali na banda la mashine.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo hatukulizungumza mpaka ukafa. Siku mgambo walipovunja mtambo wako wa gongo mbele ya mkutano, ulinitazama. Mimi nikajiziba mdomo kwa kanga kama mtu aliyeshangaa. Na asubuhi ile ile nilikuwa nimechua magoti kwa dawa yako. Hukunisema. Kesho yake ukaja kuomba moto kama kawaida, ukaniuliza mguu unaendeleaje. Mama Tabu, afadhali ungenitukana.

Basi siku ya tano mwenyekiti akaja mwenyewe uani kwangu, kofia mkononi. Akasema, "Dada, najua ulikuwa ukikaa na Mama Tabu. Watu wanakula mahindi ya kuchemsha mwezi wa pili huu. Tusaidie." Nikamwambia naogopa kufungwa. Akatoa kalamu akaniandikia kibali, na muhuri wa kijiji. Kibali cha kupika gongo! Ungekuwepo ungekitundika ukutani na kukipamba maua.

Nikapika nyuma ya banda la mashine, mapapai yaliyoiva sana kama ulivyokuwa ukifanya. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu na chokaa. Nikawasha kijiko. Kikabaki kikavu, mwenzangu. Kikavu kabisa. Nililia pale, nikasingizia moshi. Fundi akachanganya, ikakaa mpaka kesho yake, na kweli kukawa na uji mzito chini na juu mafuta mepesi, ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

Sasa sikiliza. Tuko pale, Fundi anamimina, kijiji kizima kimekusanyika, mimi bado napika chungu cha pili, mara wakwe hao! Mwalimu Omari na mkewe, wamekuja kupanga siku ya arusi. Wamefika nyumbani hawakutukuta, Bibi kawaelekeza kwenye mashine. Na harufu unaijua, haifichiki.

Mwenyekiti akarukia mbele, "Shikamoo Mwalimu, hii ni dawa, dawa ya mashine." Mwalimu akavuta pumzi. "Marahaba. Mimi nimezaliwa Mashewa, sikuzaliwa peponi. Hii ni gongo. Nani kaipika?"

Watu wote kimya, kimya kile kile cha siku ulipovunjiwa mtambo. Amina kanishika kanga kwa nyuma. Nikasikia sauti inatoka, kumbe yangu: "Nimepika mimi, Mwalimu. Kanifundisha rafiki yangu Mama Tabu, ambaye hapa hapa tulimvunjia mtambo wake, na mimi nikanyamaza."

Akauliza, "Na anayekunywa nani?"

Nikanyoosha kidole kwenye mashine. Fundi, maskini, alidhani namwashiria azungushe. Akazungusha. Ikakohoa, nikafumba macho. Ikakohoa tena. Halafu tu, tu, tu, tututututu, ikashika! Moshi ukatoka unanukia maandazi, watoto wote wakameza mate. Tuliruka, Mama Tabu. Magoti haya yaliruka.

Mwalimu Omari alitazama ule moshi. Kisha akasema, "Mashine haiswali wala haifungi. Iacheni inywe. Ila mtu akionja, mimi na yeye." Mkewe alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Walipokuwa wanaondoka akanivuta pembeni: "Mkwe, nasikia kuna ya magoti?"

Arusi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Unga wa wageni umeshasagwa, na watu wa vijiji viwili vya jirani wamekuja na nyonyo kwenye magunia kuomba tuwaonyeshe. Wakiuliza ni utaalamu wa nani, nasema jina lako, na la baba yako, wasije wakakosea mtu.

Basi buriani, mwenzangu, Mungu akuweke pema. Nakuahidi Amina hatakwenda Mashewa kabla sijamleta kwako umtazame kwenye kanga zake mpya. Na nakuahidi mahali nilipo mimi, jina lako halitazibwa tena na kanga.

Ila nijibu upesi. Njoo hata usingizini, hata kwa neno moja, kwamba bado mimi ni rafiki yako. Njoo kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo wakwe watakuwa wamejaa uani na sitaki kulia mbele yao.

Ni mimi mwenzako,
Mama Amina