Ngozi ya Ndama kwenye Dramu ya Konsolata

Jumatatu, 3 Machi

Dramu ya kale si kila dramu iliyozeeka. Ya kale ni ile ambayo mapipa yake ya mbao, vyuma vyake na kibati cha mtengenezaji vilitoka kiwandani pamoja na havijabadilishwa hadi leo. Kikibadilishwa kimoja, inabaki kuukuu tu, na bei hushuka. Hivyo ndivyo nilivyoieleza leo kwaya moja ya Biharamulo iliyotaka nikague tangazo kabla haijanunua. Niliwashauri waache. Kibati kilikuwa kipya kuliko mbao.

Kisha nikaendelea na matangazo mengine, kama kila jioni nikimaliza kusahihisha. Fizikia mchana, dramu jioni. Wenzangu shuleni hudhani ni biashara. Sikanushi.

Ninatafuta seti moja tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata.

Muuzaji ni Mzee Masanja wa Nemba, mkulima wa Kisukuma anayenunua vyombo vya muziki vilivyoachwa na makanisa na kuviuza mtandaoni. Picha zake zina giza. Katika moja, ngoma kubwa ya mguu imewambwa ngozi ya ndama badala ya plastiki, na pembeni yamebaki manyoya, meupe na kahawia. Hakuna nyingine kama hiyo.

Plastiki ya awali ilipasuka, na ya kubadilishia haikupatikana. Baba mdogo wa mke wangu Konsolata, mwamba ngoma wa Nyamiaga, akawamba ngozi hiyo. Konsolata akaipigia kwaya mpaka alipougua. Alipofariki, kamati ilinunua kinanda chenye midundo yake, ikauza dramu. Nilikuwa bado msibani. Hakuna aliyeniuliza.

Binti yetu Editha alikuwa anatambaa. Sasa yuko kidato cha pili na hajawahi kumsikia mama yake. Rekodi pekee ya kwaya ilifanywa kwa midundo ya kinanda. Ngozi ile ilikuwa na mlio wa chini, mzito, uliochelewa kidogo kuisha. Naweza kueleza sababu: uzito wa utando, unyevu, mkazo usio sawa. Maelezo hayo hayamfai mtoto. Lazima aisikie.

Jumapili, 9 Machi

Mnunuzi haonyeshi mapenzi. Ndiyo kanuni ya kwanza ya masoko haya, nami huwafundisha wengine. Nimemwandikia Mzee Masanja kasoro zote: kutu kwenye stendi, skrubu mbili za aina tofauti, na zaidi ya yote ngozi isiyo ya kiwandani, ambayo inaiondoa seti katika daraja la dramu za kale. Kila neno lilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kinyume cha nilichotaka.

Amejibu kwa sauti, jogoo akiwika nyuma yake. «Eee, Mwalimu! Unakagua mpaka unyoya! Unanunua dramu au unaoa?»

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaandika tena: ngozi inaharibu thamani.

Editha aliniuliza kinachonichekesha. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba dramu ya mama yake imepatikana. Baadaye nilimkuta sebuleni akisogeza kabati ili nafasi ipatikane.

Jumanne, 11 Machi

Tumekubaliana. Bei ni nzuri mno. Mzee Masanja amesema, «Umenishinda, Mwalimu. Njoo Jumamosi. Hutakuta kasoro.»

Nilidhani ni adabu ya muuzaji.

Jumamosi, 15 Machi

Nemba. Mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa mashambani. Nilimwamkia Mzee Masanja, akaitikia marahaba kwa furaha, akanivuta mkono hadi barazani. Dramu ilikuwa imefunikwa shuka safi. Akaifunua mwenyewe.

Plastiki. Nyeupe, mpya, imekazwa vizuri kabisa.

«Nimeiagiza Mwanza kwa basi,» alisema. «Ulisema ngozi inaharibu. Mimi sitaki mteja aondoke na kinyongo. Kagua sasa, tuone utasema nini!»

Nikauliza ngozi iko wapi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Akanyoosha kidole shambani. Mwanawe alikuwa akilima na maksai. Ngozi ilikuwa imekatwa mikanda, nayo mikanda ilifunga nira. Mmoja ulikuwa bado na manyoya ya kahawia, yamelowa matope.

«Ngozi ngumu ile,» alisema Mzee Masanja. «Aliyeiwamba alijua kazi. Ingekuwa dhambi kuitupa.»

Sikumweleza. Amefanya nilichomwomba, tena kwa gharama yake. Angerudisha mikanda, angeomba radhi, angeona aibu kwa kosa lisilo lake. Nikakagua skrubu. Nikasema ni kazi nzuri. Akapiga makofi, akamwita mkewe asikie kwamba Mwalimu wa Ngara amekosa la kusema.

Njiani sikuwaza. Nilishika ngoma isigongwe na magunia garini.

Nina huzuni. Pia nina hasira, na hasira haina pa kwenda. Sentensi moja ingetosha: iache kama ilivyo. Sikuiandika kwa sababu niliogopa kuonekana ninataka.

Jumapili, 16 Machi

Tumetoka misa. Mvua nyepesi. Nimeifunga seti sebuleni, pale kabati lilipokuwa.

Editha aliketi, akakanyaga pedali. Mara moja, akasubiri. Mara nyingine, polepole, akasubiri tena. Mlio ulikuwa mkavu na ukaisha upesi.

«Baba, mlio wa mama ndio huu?»

Nikamwambia ndio huu.

Akafumba macho, akaendelea kukanyaga. Alikuwa akilia na kutabasamu. Sasa ameniomba asiletewe chai kwanza, bado anasikiliza. Nimekaa jikoni. Namsikia kupitia ukuta.

Mtoto ambaye hakuwa na sauti yoyote ya mama yake, akapewa isiyo yake na akaipenda: nimempa kitu, au nimemnyang'anya?