Spika Yako Iliyochanwa na Paka

Baba mpendwa,

Shikamoo. Siku hizi marahaba yako naisikia kichwani tu, basi naipokea hivyohivyo.

Nina kosa la kuungama. Desemba hii nilifunga duka nikamsahau paka ndani.

Unajua Kariakoo inavyokuwa wiki ya Krismasi: sisi Wachaga tumekimbilia Moshi, makufuli mtaa mzima. Wewe hukuwahi kufunga mlango bila kugonga kopo la dagaa. Nyau akija mbio, unampandisha ghorofani kwa jirani yetu Mzee Kanti, ambaye hali nyama wala samaki, naye paka anakaa huko na wali kwa maziwa mpaka turudi. "Masikini, amefungishwa Kwaresima Desemba!" ulikuwa ukisema, unacheka. Mimi ilikuwa Krismasi yangu ya kwanza kushika funguo, basi la Moshi linaniacha, machozi yananitoka. Kopo sikuligonga.

Mzee Kanti ndiye aliyesikia paka analia. Kila asubuhi akawa anamsukumia kisahani cha maziwa kwenye uwazi chini ya mlango. Nyau mzima, mnene vilevile, hana hata aibu. Lakini spika yako, Baba! Ile ya mbao juu ya magunia ya mchele. Kitambaa cha mbele amekichana chote, na karatasi nyeusi ya ndani inaning'inia vipande vipande.

Nilikaa sakafuni nikalia kuliko siku tuliyokuzika. Nani angenielewa? Kila asubuhi nikiwa bado kitandani chumba cha nyuma, niliisikia ikikwaruza, kwaya nzima kama ina mafua, na Mzee Kanti anaita toka juu: "Mangi, umefungua?" Nawe unajibu: "Nimefungua, shuka!" Hapo ndipo kwangu kulikuwa kumekucha.

Nikaipeleka kwa fundi Buguruni. "Dada, karatasi hii tupa," akasema. "Nakuwekea mpya, itapiga mpaka majirani wahame." Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na kiraka, kipande cha boksi ulilokuwa ukiandikia majina ya mchele, na herufi zako nene: KYE. Mchele wa Kyela, nini kingine! Kumbe uliwahi kuitengeneza mwenyewe, na boksi lako hilo ndilo lililokuwa linakwaruza. Miaka yote nilidhani ni uzee wa spika.

"Usitupe," nikamwambia. "Unganisha hiyohiyo, na kiraka kibaki."

"Itakwaruza, dada."

"Ndivyo ninavyotaka."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Lakini alikaa nayo siku mbili, akaiunga kwa gundi na karatasi laini, kipande kwa kipande. Fundi kwelikweli.

Jana asubuhi nikaiwasha. Ikakwaruza, Baba, ileile. Nimekukumbuka. Kabla sijakaa, sauti ikashuka toka ghorofani: "Mangi, umefungua?"

Halafu akakohoa, mzee wa watu. Nikajua amekumbuka kwamba hupo tena.

Nikapaza sauti.

"Nimefungua, Mzee. Shuka!"

Akashuka. Tulikunywa chai.

Pumzika, Baba. Desemba ijayo kopo nitaligonga.

Ni mimi, kitindamimba wako.