Waya Haushuki

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Wifi hajambo? Na watoto, bado wanakutoa jasho kwa maswali ya hesabu? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, anatembea vizuri, na goti lake humuuma pale tu anapotumwa asikotaka kwenda. Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili kaka mkubwa. Ukiendelea kusoma, tafadhali kumbuka kwamba nilianza hivyo.

Ujumbe wako niliupata. Umeagiza niushushe waya wa redio unaopita juu ya mikaratusi miwili nyuma ya nyumba, kwa sababu unamkosesha Mama raha na utatuletea radi. Umesema wiki ijayo utakuja na watu wa msumeno, miti iangushwe, kisha Mama ahamie kwako, kwa kuwa mimi nimeshindwa kumtunza. Aliyekupelekea habari namjua, ni jirani yetu seremala. Tangu Baba afariki, anaitazama ile miti kama fisi anayesubiri mkono wa mtu udondoke. Basi nakujibu mapema usije ukapoteza nauli: waya haushuki, miti haikatwi, na Mama haendi popote.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuupitisha waya juu ya miti mirefu namna ile kunataka subira. Unaanza na mshipi wa kuvulia samaki, wenye kipande cha risasi cha kuupa uzito mwishoni. Unaurusha uvuke tawi la juu, ushukie upande wa pili. Mshipi unavuta kamba nyembamba, nyembamba inavuta nene, na nene ndiyo inayovuta waya. Mimi nilitumia manati. Risasi ilinasa majanini, nikarusha tena, ikampigia seremala bati lake akiwa katika usingizi wa mchana. Alitoka na shuka kiunoni akisema anashambuliwa. Nilimwomba radhi, lakini kicheko kilinishinda, na nadhani hilo ndilo asiloweza kunisamehe.

Waya ulipofika juu, niliukaza ncha zote mbili unyooke kama kamba ya nguo. Mimi, fundi wa redio ninayesifiwa mtaa mzima. Upepo ulipovuma, mti huu ukaenda kwake na ule ukaenda kwake, waya ukakatika kama uzi. Sasa upande mmoja kamba inapita kwenye kapi, kile kigurudumu cha kuvutia kamba, na mwisho wake inaning'inia ndoo ya mawe. Miti ikiyumba, ndoo inapanda na kushuka, na waya unabaki salama. Mawingu yakitanda tunauchomoa redioni na kuuunganisha na nondo iliyozikwa ardhini, kwa hiyo radi yako hiyo tumeifikiria kabla yako.

Sasa kaa kitako, Kaka. Redio si yangu, wala waya si wangu. Ni vya Mama. Leseni ya kuzungumza na watu hewani kwa redio, iliyobandikwa ukutani sebuleni, pale ilipokuwa picha yako ya mahafali, ni ya kwake. Mtihani aliufanya mwenyewe akafaulu, wakati wewe unawatangazia watu kwamba anasahau hata siku za wiki. Picha yako ipo chumbani, haijachanika. Na aliyevusha ule mshipi si mimi na manati yangu. Mama alikaa barazani akinitazama nikihangaika hadi akachoka, akaja akaushika mshipi, akaizungusha risasi kama alivyokuwa akizungusha kombeo kufukuza ndege shambani enzi za usichana wake, akaiachia. Ikapita juu ya tawi la kileleni. Akarudi kuketi akaniuliza kama chai ipo.

Alinikataza kukuambia, akisema utamgombeza kama mtoto. Nilipomsomea ujumbe wako alisema nikuandikie kila kitu, na nisisahau kukukumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuzaa, hukumzaa wewe.

Nilimuuliza anatafuta nini hewani. Alisema kwamba wewe ukipiga simu humuuliza kama amekula, kama amemeza dawa, na atahama lini. Lakini kuna mwalimu mmoja mstaafu, yuko mbali huko hata sauti yake huja ikififia na kurudi, ambaye humuuliza anaionaje dunia, halafu hunyamaza amsikilize. Nililia kusikia hivyo, Kaka, kwa sababu mimi ninayelala naye nyumba moja sikuwa nimewahi kumuuliza. Kisha nikapandwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo.

Kwa hiyo njoo, nyumba ni yako pia na kitanda chako kimetandikwa. Msumeno uache huko. Ukija nao, mimi nitasimama mbele ya mti mmoja na Mama atasimama mbele ya wa pili, tuone utaanza na nani.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka sana. Mama anakusalimu, anasema anakupenda na hahami. Nawe ukipiga simu Jumapili, usimuulize kama amekula. Muulize jana alimpata nani hewani, kisha unyamaze.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyekutii.