Kakosa kwa Kura Moja

Jumamosi

Bado nina hasira! Zuhura wangu kacheza ule mpira wa Kiaustralia hadi magoti yakachubuka, kazuia mabao mechi nzima, halafu mashabiki wakampigia kura kwa simu mwenzake wa timu, Megan, kuwa mchezaji bora, eti kwa sababu kafunga mawili mwishoni. Watu hawa wanaona wafungaji tu.

Kakosa kwa kura moja. Moja!

Kwenye gari niliwasema mashabiki hao kutoka uwanjani hadi nyumbani Brampton. Zuhura akaniuliza, "Kwani mama, wewe ulimpigia nani?"

Nilimpigia Megan. Mama yake alikuwa amekaa ubavuni mwangu, macho kwenye simu yangu, na kwetu mtu hamsifii mwanawe mbele ya mzazi mwenzake.

"Wewe, mwanangu," nikamjibu.

Akasema asante.