Arki ya Siagi, Inanyweka?

Jumamosi, 30 Agosti

Sijamwambia mtu hata mmoja: naipenda harufu ya moshi wa kaka yangu Shafii. Inanasa kwenye pazia linalogawa chumba chetu, upande wake na upande wangu, nami hulala pua nimeielekeza huko. Leo ni siagi na vanila. Asubuhi Mama kapita mlangoni akauliza shangazi anaoka nini. Shangazi Zuhura anaoka keki za kuuza, jiko lake liko nyuma ya ukuta wetu. Nikasema sijui. Nilikuwa nasoma Biolojia. Ni likizo, lakini S.4, mwaka wa mtihani, haina likizo.

Shafii anajichanganyia mwenyewe maji ya vepu yake, ile sigara ya umeme. Arki za kutia ladha zinatoka jikoni kwa shangazi. Mimi ndiye ninayezileta, maana hakuna anayenishuku.

Jumapili, 31 Agosti

Shafii ana kikohozi. Kidogo, kikavu. Ijumaa ni Maulidi na yeye ndiye anayeongoza kasida. Anasema ni vumbi. Labda ni vumbi.

Nimesoma kwenye simu. Mmoja anasema arki ya chakula haina neno. Mwingine anasema haina neno mradi isiwe ya mafuta. Mwingine anasema acheni kabisa. Wote wanaandika kwa uhakika. Chupa ina alama ya halali na picha ya keki. Kitu cha keki kitamdhuruje mtu?

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeuliza. Nilizungukazunguka nje ya duka la dawa la Sista Akello, muuguzi, mpaka wateja wakaisha. Mumewe ni polisi; Sista alijifunzia Kiswahili kambini, hana maneno mengi. Ndiyo maana simwogopi sana. Nikasema: arki ya siagi, mtu akiinywa ina madhara? Akacheka. "Kidogo tu hapana mbaya. Hiyo chakula, mtoto yangu. Nani nakunywa siagi?" Nikatoka bila kuaga.

Nikamwambia Shafii: inanyweka. Akanipiga mgongoni. "Daktari Nuru!" Jioni pazia lilinukia kama duka zima la keki. Nilifurahi. Nimesaidia.

Jumatano, 3 Septemba

Anakohoa akipanda ngazi. Kwenye mazoezi ya kasida alikata ubeti katikati. Vijana wa dufu wakamtania: "Shehe, umemeza dufu?" Akacheka nao, huku ameshika kifua. Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Niliuona ule mkono.

Nimefungua tena Biolojia. Mchoro wa koo. Njia mbili, moja inashuka tumboni, nyingine mapafuni. Mchoro huu nimeuchora hata bila kutazama kitabu.

Nikaduwaa. Nyumbani kwetu, na mtaani kote, sigara hatuivuti, tunainywa. Waganda tunaoishi nao wanainywa kwa lugha yao, na sisi tumeiga. Kunywa maji, kunywa chai, kunywa sigara. Neno moja. Sista Akello alisikia lipi? Nani nakunywa siagi. Alisikia kikombe.

Au alielewa vizuri na mimi ndiye nisiyeelewa.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimerudi dukani. Kulikuwa na watu. Nikasema mbele yao, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka: si kunywa kwa kikombe, ni kunywa kama sigara, iingie mapafuni. Sista akauweka chini mkasi wa kukatia vidonge. "Ah-ah! Hapana. Juzi wewe nasema kunywa, mimi nafikiri chai."

Akanieleza. Alama ya chakula ni ya mdomo na tumbo. Tumbo linasaga, pafu halisagi. Zenye mafuta ni za kuogopa, na ya siagi kuliko nyingi. Nikauliza: na iliyokwisha kuingia? Akasema: "Leta yeye."

Shafii hakuamini. "Jumatatu inanyweka, Alhamisi hainyweki? Wewe na vitabu vyako, amueni moja." Nikasema neno nililikosea mimi. Akageukia ukutani.

Nikimwambia Mama, Shafii hatapanda jukwaani. Nisipomwambia, atapanda. Sijui lipi ni jema. Namchukia. Simchukii. Na pazia bado linanukia vizuri, jambo ambalo silielewi kabisa.

Ijumaa, 5 Septemba. Maulidi

Hakumaliza. Ubeti wa tatu pumzi ikamwisha, kikaja kikohozi, kikakataa kukoma. Wazee wakampa maji. Akanywa. Hayakusaidia. Yalipita njia nyingine.

Wenzake wakaidaka kasida. Mama akasema ni baridi ya asubuhi. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Nikamwambia yote, mpaka chupa. Hakupiga kelele. Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyekohoa.

Jumapili, 7 Septemba

Jana tulikwenda kwa Sista Akello sote watatu. Alisikiliza kifua muda mrefu. Akasema aache vepu papo hapo, na Jumatatu aende hospitali apigwe picha. Kama kuna kilichoharibika, hajui. Nilitaka ajue. Shafii akaiweka vepu juu ya meza. Tulipokuwa tunarudi alinipokea mfuko niliobeba. Sijui alimaanisha nini.

Leo nimezirudisha arki kwa shangazi, nikamwambia ni mimi niliyekuwa nazichukua. Akaguna. Ile ya siagi akaitia kwenye keki, akatuletea kipande kila mmoja. Shafii akala chake. Nilimtazama akimeza, nikaogopa, ingawa hiyo ndiyo njia yake sahihi.

Kisha nikalishusha pazia. Nikalifua kwa sabuni, halafu tena, maana harufu haikutoka. Nimelianika uani. Halijakauka bado, kwa hiyo chumba kiko wazi. Nimelala upande wangu, namwona Shafii amelala chali, namsikiliza anavyopumua.