Kazi Mpya ya Mama Yako na Bosi Anayeujua Mji Wetu

Mtaa wa Kanisa,
Bayou Cannelle, Louisiana.
Jumatano, 9 Aprili 2025

Mpendwa mpwa wangu Blaise,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tampa, unakula vizuri na usingizi unakuja bila kuitwa. Sisi hapa tunaendelea. Goti langu la kushoto huuma mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua imekuwa ikikaribia kila siku. Mama yako hajambo. Kile kikohozi cha Januari kimemwacha, na rangi imemrudi usoni. Ni mambo yake mengine yaliyonikalisha mezani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe ni mwepesi wa kucheka, nami nikikusikia unacheka husahau nilichotaka kusema. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Kamba wa mtoni wameshuka bei wiki hii, baada ya kutunyanyasa tangu Kwaresima ianze. Ukumbi wa parokia umepakwa rangi ambayo hakuna anayekubali kuwa ndiye aliyeichagua. Gazeti bado linatoka kila Alhamisi. Tumebaki watatu, na mmoja wetu ni mhariri, kwa hiyo waandishi tuko wawili.

Sasa mama yako. Wewe ndiye uliyemtumia lile tangazo la kazi, ukamwambia rafiki wa rafiki yako anatafuta watu waaminifu wa kufanya kazi wakiwa nyumbani, kwa kamisheni. Alianza mwezi wa pili. Ni wakala wa michezo ya zawadi ya mtandaoni, ile ya kupiga risasi samaki kwenye simu. Kampuni inasema si kamari, ni zawadi tu. Nimesoma masharti yao yote, na sijaona kampuni nyingine inayosisitiza hivyo kwamba haifanyi kitu fulani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Dada yangu Earline ananunua pointi kwa bosi wake, anawauzia wachezaji, anabaki na sehemu yake. Mchezaji akishinda, Earline humlipa kwanza kutoka mfukoni mwake, kisha bosi humrudishia. Hapo kwenye "kisha" ndipo nilipoanza kukaa vibaya kwenye kiti.

Nilimkuta jikoni anamenya kamba. Nikamuuliza nani anamlipa.

"Kapteni," akasema.

"Kapteni nani?"

"Kapteni Ray."

"Ray nani?"

"Kaka, unataka kununua pointi au unataka kufunga ndoa naye?"

Nikamuuliza kama amewahi kusikia sauti yake. Hajawahi. Ni ujumbe tu, mfupi, wenye adabu. Nikasema mtu mwenye pesa halali kwa kawaida ana jina la ukoo.

"Valsin, wewe hata padri akikwambia habari za asubuhi unamuuliza nani kamwambia kumekucha. Nimepata kazi. Nakaa kwenye kiti changu, natuma ujumbe, napata changu. Usiniharibie."

Kwa hiyo sikumharibia. Nilirudi ofisini nikafanya ninalolijua. Anwani ya kampuni ni sanduku la barua ndani ya duka la kufungasha vifurushi, katika jimbo ambalo hakuna mfanyakazi wao hata mmoja niliyeweza kumpata. Namba ya huduma kwa wateja hupokelewa na mashine inayokushukuru kwa uvumilivu wako, kisha inakata. Haya yote hayathibitishi kitu. Nimeona biashara halali zenye ofisi mbaya zaidi.

Ila nilitaka kuelewa kwa nini walimtaka Earline, mwanamke wa miaka sitini na tatu anayeogopa kubonyeza kitufe asichokijua. Jibu liko ukumbini, na wewe ulikulia ukumbini mle, ukilala juu ya makoti ya watu wakati mama yako akitaja namba za bingo kila Jumanne. Unaijua sheria yake. Mtu akiita kwamba ameshinda, halipwi mpaka mtu mwingine aichukue kadi yake na kuisoma kwa sauti, namba kwa namba, ukumbi mzima ukisikia. Hata padri alipobahatika, Earline aliagiza kadi yake isomwe, naye akasimama pale kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Ndiyo maana watu wa hapa wanampa Earline pesa bila kuuliza. Wanaonunua pointi hawamjui Kapteni wala hawawajui samaki. Wanamjua Earline.

Aliyemchagua aliujua ukweli huo. Hilo nililitia akilini.

Wiki ya tatu Kapteni alimtaka atangaze washindi moja kwa moja mtandaoni. Majina aliletewa, watu wa miji ambayo hajawahi kufika. Alitangaza mara moja. Mara ya pili akamwandikia bosi, "Kadi zao kasoma nani?" Akajibiwa kwa kikatuni cha uso unaocheka. Hakutangaza tena.

"Siwezi kumtaja mtu nisiyemwona," aliniambia. Lakini pointi aliendelea kuuza, kwa sababu paa lake bado limefunikwa lile turubai la bluu tangu dhoruba, na alikuwa amebakiza kidogo tu kufikia gharama za fundi. Turubai unalijua. Picha yake nilikutumia mimi mwenyewe.

Siku moja akanionyesha simu yake, kwa fahari, nione jinsi bosi wake alivyo hodari. Ujumbe ulisema hivi: "Anza na Verlie Guidry. Mumewe amefariki, usiku halali, ana muda mwingi."

"Ona," akasema. "Anaujua mji huu utadhani alibatizwa hapa."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Nilikishika vizuri zaidi.

Taarifa ya kifo cha Hewitt Guidry niliiandika mimi, kwa hiyo najua kilichomo. Mlikuwa na wajukuu wake, kwaya yake na boti yake. Kwamba mkewe halali usiku, hilo halikuwamo. Verlie aliniambia kibarazani kwake, siku nilipompelekea nakala za gazeti. Nami nilikuambia wewe kwenye simu, jioni ileile, uliponiuliza habari za watu wa hapa. Nilijiambia kwamba Verlie huenda amewaambia na wengine. Jambo moja halitoshi kuchapishwa.

Verlie alicheza. Mwanzoni alishinda, tena vizuri, na Earline akamlipa kwa pesa za paa akitegemea kurudishiwa. Kapteni akasema mfumo umelemewa. Kisha akasema benki zimefungwa, siku ambayo mimi nilikuwa nimepanga foleni benki. Halafu akasema deni halitatoka mpaka anunue pointi zaidi. Earline akanunua. Verlie akazichukua pointi hizo, na safari hii samaki hawakufa.

Jumapili iliyopita tulikutana naye kwenye ngazi za kanisa. Watu walikuwa wanatoka misani, wengi tu.

"Earline," Verlie akasema, taratibu kabisa, "nimekuja kukusifu. Ule mchezo wako umekula pesa ya jiwe la kaburi la Hewitt, lakini samaki wake wana rangi nzuri sana."

Earline akasema, "Verlie, hata mimi nadai."

"Unamdai nani, mpenzi?"

Earline akashuka ngazi moja. Mwanamke anayedai hajui anamdai nani, mbele ya watu ambao kwa miaka yote hiyo amewafundisha kwamba ushindi lazima usomwe kwa sauti. Mtu mmoja nyuma yetu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Jana alitaja namba kama kawaida. Meza za mbele zilikuwa tupu. Kamati ya parokia itakaa Jumanne baada ya Pasaka kuamua kama aendelee. Hajaniambia kwamba anaogopa, ila amepiga pasi ile blauzi yake ya bluu mara mbili na hajaivaa. Ukimnyang'anya ule ukumbi, Blaise, sijui utamwachia nini. Mimi ni kaka yake, na sijui.

Sasa nakuomba uikumbuke simu yetu ya Jumapili ya tatu ya Kwaresima. Uliniuliza habari za mji, kama ulivyozoea kuuliza tangu Mwaka Mpya. Kuna wakati jambo hilo lilinifurahisha. Nilimwambia Earline, kijana amepakumbuka kwao.

Siku ile nilikuambia kwamba mzee Alcide Naquin, fundi wa injini za boti, ameuza kiwanja chake cha kando ya barabara kuu kwa kampuni ya gesi. Nikaongeza kwamba pesa ameziweka nyumbani kwa sababu haamini benki, na kwamba tangu aache kazi anashinda amekaa, hana la kufanya. Ukasema, "Maskini mzee Alcide." Kisha ukauliza kama siku hizi anatumia simu ya kisasa. Nikasema anayo, alinunuliwa na binti yake.

Alhamisi iliyofuata Earline alipokea ujumbe kutoka kwa Kapteni. Alinionyesha akiwa amekunja uso. "Kuna mzee Alcide. Ameuza kiwanja, haamini benki, pesa ziko ndani. Mpe pointi za bure za kuanzia. Simu anayo."

"Mbona mimi sijasikia kwamba Alcide ameuza?" Earline akauliza. "Nami jana tu nimeonana na binti yake."

Nikasema labda habari imenipita. Alinitazama kwa muda mrefu, maana anajua habari za viwanja hazinipiti.

Alcide hajauza kitu. Kiwanja ni chake, injini mbovu bado zimekijaa, na kazi hajaacha. Jumamosi ya kabla ya simu yetu nilimfuata karakanani kumwomba ruhusa ya kulitumia jina lake kwa jambo dogo. Alikuwa amelala chini ya boti, miguu tu ikionekana.

"Unataka kukiuza kiwanja changu?" akauliza kutoka huko chini.

"Kwa mdomo tu."

"Utamwambia nani?"

"Mtu mmoja."

Spana ikaendelea kugonga. "Basi sema nimeuza kwa bei nzuri. Nina heshima zangu." Nilipoanza kuondoka akaniita. "Valsin. Huyo mtu mmoja, ni wa kwetu?" Nikamwambia ndicho ninachotaka kujua. Hakufanya mzaha tena.

Habari ile sikumwambia mtu mwingine yeyote. Sikuiandika popote. Wakati wa simu Earline alikuwa ukumbini akipanga viti. Wewe peke yako ndiye uliyeisikia.

Inawezekana nimekosea. Nimewahi kukosea, na masahihisho yangu hutoka ukurasa wa pili, kwa herufi zinazosomeka. Kama yuko mtu huko anayesikiliza simu zako, au rafiki wa rafiki unayemsimulia habari za kwetu bila kujua anazifanyia nini, nitajie jina lake. Jina lote. Nitampigia mwenyewe.

Kama hayupo, basi ninachokuomba ni hiki. Ijumaa Kuu tutachemsha kamba uani kwa mama yako, kama kila mwaka. Njoo. Njoo na pesa za paa, na pesa za jiwe la Hewitt. Mwambie mama yako wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla kamati haijakaa. Kisha nenda kwa Verlie. Hapo mama yako atakuwa na la kuwaambia watu Jumanne, hata kama litamuuma kulisema.

Sijaandika mstari hata mmoja gazetini. Sijamwambia Earline. Lakini usipokuja, nitafanya alivyotufundisha yeye. Nitasimama katika ukumbi ule na kuisoma hii kadi kwa sauti, tangu namba ya kwanza mpaka ya mwisho, na yeye atakuwepo akisikia. Sitafurahi. Nitaisoma vizuri tu.

Wakusalimuo ni wengi. Binti yake Alcide anakusalimu, na mzee mwenyewe ametuma ujumbe kwamba ukitaka kiwanja uje mkae muelewane bei. Padri anauliza kama huko unapata muda wa misa. Paka wako wa zamani bado yu hai na bado ananichukia.

Mungu akulinde barabarani, na akupe moyo wa kulipita daraja la kuingilia mji bila kugeuza gari.

Mama yako ameniona nikiandika, akauliza ni kwa nani. Nikamwambia. Amesema nikufikishie salamu zake zote, na nikushukuru tena kwa kumtafutia kazi.

Bado nakupenda,
mjomba wako,
Valsin