Nywele Nilizomficha Fundi Bomba

Kwa Fundi Bomba,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 11.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Basi amejua! Amejua, dada, na bado ananipenda, nami naandika kwa furaha hata mistari inapanda na kushuka. Uliniambia niikalie siri hii mpaka ndoa ikomae. Haikufika hata miezi miwili.

Samahani, nimekurupuka nikaruka salamu. Hujambo? Goti linaendeleaje? Na lile joto la ghafla linalokufanya ufungue madirisha wenzako wakitetemeka, limepungua? Sisi wazima kabisa. Mimi bibi harusi wa miaka hamsini na miwili nimenenepa, naimba nikiosha vyombo, na bado nashtuka nikisikia mtu ananiita "mke wangu".

Turudi kwenye kichwa changu. Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba tangu hedhi ikome nywele zinanyonyoka, na utosini ngozi inachungulia. Siku ya harusi nilivaa wigi. Kesho yake nikavaa tena, na keshokutwa, mpaka likawa kama limeota mizizi. Kila akininyooshea mkono kunipapasa kichwa, mimi huyoo, nakwepa kama bondia. Mume ana mapenzi, mke anakwepa!

Sasa sikia ujinga wangu. Nilipoosha nywele, zile zilizotoka sikuweza kuzitupa kwenye pipa, maana yeye ndiye anayetoa taka. Nikawa nazisukuma kwa kidole kwenye tundu la maji bafuni. Nimeolewa na fundi bomba, halafu namficha kitu ndani ya bomba!

Jumamosi ya wiki iliyopita asubuhi maji yakagoma kushuka. Nilikuwa jikoni nakaanga mayai, nikamsikia, "Mke wangu, hebu njoo." Nikamkuta amepiga magoti, waya mkononi, na kwenye ncha ya waya limening'inia donge la nywele kubwa kama ngumi.

"Labda ni za mpangaji wa zamani," nikasema.

"Mpangaji wa zamani namjua. Alikuwa na kipara kitupu."

Akafuta mikono, akasema kwa upole, "Hii mara ya tatu nazibua tangu tuoane. Zile mbili nilizibua ukiwa kazini. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, nabaki au narudi kwetu. Nikavua wigi palepale, nikafumba macho. Nilipofumbua, naye amevua kofia yake, kipara kinang'aa kama sinki jipya.

"Hiki umekipenda tangu siku ya kwanza," akasema. "Kwani macho ya kupenda unayo wewe peke yako? Mimi nilikuposa wewe, sikuposa wigi."

Kisha akanibusu utosini, penye uwazi penyewe. Mayai yaliungua mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama tuko salama. Tuko salama, nikamwambia, hatujawahi kuwa salama hivi!

Jumatatu akanisindikiza kliniki. Muuguzi, mama wa rika langu, akauliza hedhi ilikoma lini. Nikaona haya, mume wangu kakaa pale. Yeye akadakia, "Sema tu, mimi nimezoea habari za maji kukatika." Muuguzi alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Halafu akatueleza vizuri: homoni zikishuka umri huu, nywele huwa nyembamba na kupungua, hasa katikati ya kichwa, na wanawake wengi yanawapata ila hawasemi. Amenipima damu, isije ikawa upungufu wa damu au tezi ya shingo inachangia. Amenikataza kusuka kwa kukaza, na dawa za kulainisha niziache. Hakuniahidi kwamba zitarudi zote. Basi tumezikata fupi, na Fundi mwenyewe ndiye aliyeshika mkasi, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Sasa zamu yako. Barua yako ya mwisho ilinichoma pale uliposema nawe nywele zinakutoka hata umeacha kwenda hata kwenye shughuli za watu, na kwamba shemeji hajakiona kichwa chako tangu mwaka jana. Mimi nilikutii kwa sababu ulinilea. Safari hii nitii mimi. Muulize shemeji kama naye macho ya kupenda anayo. Na kapime damu.

Nisalimie shemeji, mwanetu mwalimu, na shangazi. Shangazi mwambie shuka alizotupa siku ya harusi tumezitandika. Mungu awafunike kwa rehema, hata pale nywele ziliposhindwa kufunika.

Fundi ameshaomba ruhusa kazini. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, mimi kichwa wazi. Nawe, dada yangu, utufungulie bila kitambaa.

Anayekupenda tangu ulipombeba mgongoni,
Kitindamimba wako